Uzi Huu Umesokotwa Boko

Mwanangu Salha,

Salamu zangu utazipata kesho kwa mdomo, ukiwa umeshika begi mlangoni na shangazi zako wamekuzunguka wanakusomea dua. Humu ndani usizitafute. Nimeandika kwa sababu nimekasirika, na kila nikitaka kukuambia ana kwa ana unanikatiza, "Mama, si tulishayamaliza haya?" Hatujayamaliza. Wewe ndiye uliyemaliza, mimi hata sijaanza.

Saa hizi uko kwa msusi na utakawia. Nimekaa kibarazani nyuma ya jikoni, nimewaambia wanaokaanga maandazi yako ya safari wasinisemeshe. Wananitazama kwa pembe ya jicho, wanadhani nalia kwa ajili ya kuagana. Waache wadhani hivyo.

Mambo ya nguo nzito, ya kula kwa wakati, ya kutompa mtu namba ya siri ya simu, baba yako amekuhubiria wiki nzima na sina la kuongeza. Arusha unakokwenda kufanya kazi si mwisho wa dunia. Mimi nina jambo moja tu, na ili ulielewe itabidi nianzie kwenye lile gunia la kwanza, maana ulikuwepo na siku hizi unajifanya hukuwepo.

Gunia lilitoka kwa Mama Edina, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hapa Boko, mwalimu, mwenyeji wa Makete, kule milimani kwenye baridi. Kaka yake huko anafuga kondoo wenye manyoya marefu, akampakilia gunia zima juu ya lori la viazi akidhani dada yake atajazia mito. Mama Edina alilifungua, akalifunga upesi, akaja kuniuliza gari la taka linapita lini. Harufu ile unaikumbuka. Jasho la mnyama, mavi yaliyokauka, miba na majani yaliyonasa, na mafuta yanayokuganda vidoleni. Nikamwambia asitupe, aniachie mimi.

Uliniuliza ya nini. Nilikujibu kwa mkato lakini jibu lenyewe ni refu kidogo. Mimi nimekulia nyuma ya kaunta. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa na duka la nyuzi, vifungo na zipu kule Temeke, na kabla sijasoma vizuri nilishajua kutofautisha uzi wa sweta na uzi wa kufumia vitambaa kwa kuushika tu. Nimewaambia wateja huu mzuri, huu unachuja rangi, huu utakuwasha shingoni. Nimeuza mpaka duka likafa, na wala sikuwahi kujua kinachotokea kati ya mgongo wa kondoo na kaunta ya baba yangu. Nilipoliona gunia lile nilipatwa na aibu na uchu kwa pamoja. Mtu mzima, kitu umekiuza maisha yako yote, hujui kinatengenezwaje.

Nilimwomba Mama Edina anifundishe kusokota. Nilidhani mtu wa Makete anazaliwa akijua. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mama Salha, sie kwetu kondoo ni nyama na mbolea," akasema. "Hayo manyoya tulikuwaga tunayatupa. Mie sweta zangu nanunua mtumba kama wewe."

Kwa hiyo mwalimu wa kusokota hakuwepo. Tulikuwepo mimi na wewe, na simu yako yenye kioo kilichopasuka. Ulikuwa likizo ya chuo. Ulikuwa unaishika simu kwa mkono mmoja na kwa mwingine unajipepea, tukitazama wanawake wa nchi za baridi wenye mikono mikavu wakizungusha kijiti chenye kigurudumu chini, na uzi unashuka wenyewe. Nikasema hicho ni kitu cha siku mbili. Hebu ona.

Lile gunia la kwanza nililifua. Nililifua kama mwanamke yeyote wa pwani anayejiheshimu anavyofua kitu kilichonuka. Maji ya moto, sabuni ya unga, nikafikicha kwa viganja, nikapigapiga, nikakamua, nikarudia. Wewe ulikuwa unaniongezea maji. Tulipoyatoa kwenye beseni, manyoya yalikuwa yameshikana yakawa pande moja gumu, huwezi kuchomoa hata unyoya. Baba yako akalikanyaga akasema zulia zuri, na kweli mpaka leo liko mlango wa nyuma tunafutia miguu. Baadaye ndiyo tukajua kwamba manyoya hayafuliwi, yanalowekwa. Unayaweka kwenye maji ya moto yenye sabuni, unaondoka zako. Huyachezei. Unayatoa polepole, unayahamishia kwenye maji mengine yenye joto lilelile, basi. Nilihisi nimetukanwa. Yaani kitu ninachokijua kuliko vyote, kufua, ndicho kilichoniharibia.

Tukasubiri lori jingine. Katikati hapo ikaingia Idd ya kuchinja, na mimi kwa haraka zangu nikaona kondoo ni kondoo. Nikayachukua manyoya ya yule wetu. Kumbe kondoo wa huku ana nywele fupi ngumu kama za mbuzi, unazisokota zinakutazama, ukiachia zinafumuka zote. Ulinipiga picha nimejaa nywele mpaka kwenye nyusi, ukawatumia shangazi zako wote. Shangazi yako Mwanaidi akapiga simu kuuliza kama nimeanza kunyoa wanyama. Aliyemaliza mchezo ni yeye huyohuyo, siku alipoona brashi zangu za kuchania. Nilizipata dukani kwenye vitu vya mbwa, mpya kabisa, hazijagusa mbwa yeyote, lakini alikataa kula kwangu siku hiyo mpaka nimwapie.

Gunia la pili likaja. Safari hii niliyaloweka vizuri, ila kwa kuogopa harufu niliyaloweka mara nyingi mno, nikayatoa mafuta yote. Yakawa meupe, ya kupendeza, na makavu kama majani. Yanakatika ukiyavuta. Sasa nywele zikiwa kavu dawa yake nini? Mafuta ya nazi. Nani asiyejua hilo? Nikayapaka. Yakalainika, nikafurahi, nikasokota mafungu yangu ya kwanza, manene hapa, membamba pale, lakini mafungu. Nikayapanga kabatini. Asubuhi kabati lilikuwa linatembea. Sisimizi walikuwa wamepanga mistari kutoka dirishani, wameingia kwenye uzi, kwenye kanzu za baba yako, kwenye shuka za wageni. Na mafungu ambayo hawakuyafikia yalichacha, yakanuka kuliko kondoo mwenyewe.

Unakumbuka tulivyokaa chini pale chumbani, mgongo kwa mgongo, tukacheka mpaka tukalia? Wewe ndiye uliyesema, "Mama, hakuna mtu mwingine duniani aliyeharibu sufu kwa nazi. Hii rekodi ni yetu." Yetu, ulisema. Sikulitunga neno hilo mimi.

Gunia la tatu nililiachia mafuta yake kidogo, yale ya kondoo mwenyewe, na ndipo uzi ukakubali. Harufu ilibaki, si kali, ila ipo. Hapo sikuitazama simu. Nilifanya alichokuwa anafanya bibi yako na kanga zake. Nikaweka mkaa kwenye chetezo, nikadondosha udi, nikafunika tenga juu, nikatandaza mafungu ya uzi juu ya tenga, nikayaacha yafukizike. Ukipita karibu na uzi wangu unadhani umeingia chumba cha bibi harusi. Hiyo ndiyo habari nzima ya uzi huu. Simu, sisimizi, brashi za mbwa na udi wa mama yangu. Hakuna mlima humo.

Ulipopata kazi kwenye lile duka la Msasani la vikapu na mito na mapambo ya ukutani, ukaomba uende na mafungu machache ukaonyeshe, nani alifurahi kuliko mimi? Bosi wako akayapenda. Akataka mengine, na mengine. Nikawa naamka baada ya swala ya alfajiri, kabla joto halijaniletea jasho mikononi, nasokota mpaka jua liwe kali. Baba yako akazoea kile kijiti changu kuanguka sakafuni, ila kila kikianguka alikuwa anajibu "karibu", mzee yule hana adabu. Nilijiona mtu. Nasema wazi, nilijiona mtu ambaye sikuwahi kuwa nyuma ya kaunta.

Sasa tuje kwenye ile Jumatatu.

Ulikuwa umesahau kikapu cha mafungu ya rangi ya kahawa, nikaona nikuletee, nikuone na wewe ukiwa kazini kwako. Nilivaa baibui langu jipya. Nilifika mlangoni nikakuta unamhudumia mama mmoja mtu mzima, kwa lafudhi yake nikajua wa Unguja. Alikuwa ameshika fungu langu. Akalisogeza puani, akatabasamu, akasema uzi huu umefukizwa udi.

Ukamwambia hapana. Ukamwambia ni majani ya porini, ya huko milimani, kwamba uzi unasokotwa na Bibi Sekela wa Makete, aliyefundishwa na bibi yake, naye na bibi yake, karibu na moto, kwenye ukungu. Ulikuwa unasema vizuri. Mwanzoni nilisikiliza na mimi, nikidhani mna uzi wa mtu mwingine. Nikatazama tena mkononi mwa yule mama, nikaona ile sehemu nyembamba ambayo niliunga Alhamisi, uzi uliponikatikia kwa sababu ya kupokea simu yako.

Yule mama akageuka akaniona na kikapu changu. "Na huyu?" akauliza.

Uliniangalia, Salha. Hukuwa na haraka. Uliniangalia usoni kabisa.

"Huyu ni mama anayetuletea mzigo," ukasema.

Na mimi nikajibu, "Ndiyo, nimeleta mzigo." Nikakiweka kikapu chini nikatoka. Mpaka leo sijui ni kipi kinaniuma zaidi, ulilosema wewe au nililoitikia mimi. Nilikurahisishia. Nilikuona unazama katika uongo wako nikakupa bega langu ulikanyage, kwa vile nimezoea kukubeba. Nilifika nyumbani sijui nilipitia wapi.

Uliporudi jioni ulikuja na maelezo, si na radhi. Wateja wananunua stori, Mama, hawanunui uzi. Mwanamke wa Boko aliyejifunza kwenye simu, nani atamtaka? Bosi ndiye aliyeanza, mimi nafanya nini? Halafu mbona ni jina tu, uzi si wako ule ule?

Jina tu. Nikuambie kuhusu jina tu. Mimi nimezaliwa hapa, mama yangu kazaliwa hapa, na maisha yangu yote kwa sababu ya rangi yangu na pua yangu watu wananiuliza, "Eti kwenu hasa ni wapi?" Nikisema Temeke wanacheka, wanangoja nitaje Oman. Nimeulizwa sokoni, ofisini kwa watu, hospitalini nikiwa na uchungu wako wewe. Nimejibu Temeke mpaka nimechoka. Sasa katika kitu kimoja nilichokifanya kwa mikono yangu, bila baba, bila duka, bila mume, mtoto niliyemzaa mwenyewe ndiye ananihamisha. Ananipa kwetu pengine, ananipa na jina lingine, na mimi mwenyewe ananiacha nje ya mlango na kikapu. Na unataka niseme ni jina tu?

Na usidhani umewapa watu wa Makete heshima. Nilimsimulia Mama Edina. Hakucheka safari hii. Aliweka kikombe chake cha chai chini.

"Bibi yangu mie alikuwa anaitwa Sekela kweli," akasema. "Alikuwa analima mahindi na kupiga watoto. Sasa wamempa ufundi ambao hakuwa nao, na wewe wamekunyang'anya ulio nao. Hivi hapo nani kafaidika?"

Mjibu wewe.

Nikadhani umelifikiria. Siku zikapita, ukawa mpole, unaniletea juisi ya ukwaju, unauliza mgongo wangu vipi. Nikajua kuna jambo linapikwa. Kumbe umekuja na suluhisho. Bosi amealika wageni Jumamosi hii, watu wakubwa, na anataka wamwone Bibi Sekela mwenyewe. Na Bibi Sekela ni mimi. Nivae kaniki, niwe peku, nikae kwenye mkeka na kibuyu pembeni nisokote. Ulisema kama mtu anayenipa zawadi. "Si ulikasirika hujatambuliwa, Mama? Sasa watakuona wewe mwenyewe." Kisha ukashusha sauti, ukaniambia nisiongee sana, nitabasamu tu, kwa sababu lafudhi yangu itanifichua.

Sikukujibu. Ulipokea kimya changu kama ndiyo, ukapiga simu palepale mbele yangu. "Mama amekubali, madam." Mara hiyo nilikuwa mama yako.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipotaka kufika, na sitaki ufikiri ni hasira tupu ya mama.

Kuna asubuhi moja tulikuwa wawili jikoni, kabla hujapata kazi, siku zile ulikuwa unatuma maombi kila mahali na hakuna anayekujibu. Ulikuwa umeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, hujachana nywele tangu jana yake. Mimi nilikuwa nasokota na uzi unanikatikia kama kawaida. Nilikuwa navuta sana. Kila siku nilivuta sana, nikitaka uzi urefuke upesi, na kila siku ulikatika. Asubuhi ile nilikuwa nakuangalia wewe, si mikono yangu, na kwa kukuangalia nikasahau kuvuta. Nikaona kijiti kinazunguka, msokoto unapanda wenyewe mpaka kwenye vidole, na manyoya yanatoka kidogo kidogo, yanaingia kwenye uzi kwa wakati wao. Nikakuita kwa kunong'ona. Ukaja ukashika ncha. Ulishuka chini pole pole, kijiti kikashuka na wewe, na uzi haukukatika. Ukasema, "Mama, ni uzi." Basi.

Mkono wangu umelijua jambo lile asubuhi ile na haujalisahau. Halikutoka kwa bibi wa mtu yeyote. Lilitoka kwenye pande lile la mlango wa nyuma, na kwenye sisimizi, na kwenye miezi ya kuvuta vibaya. Kama ningerithi, ningeshukuru, lakini sikurithi, nilikosea mpaka nikapata. Ukilifuta kosa langu, umenifuta na mimi. Unaona ninavyokasirika? Wenye duka wanataka ufundi usio na jasho la mtu anayejulikana. Bibi wa mlimani hachoki, hazeeki, hana mtoto wa kumsomesha, hawezi kuingia dukani akasema jamani huo ni wangu. Ni rahisi kukaa naye. Mimi ni mgumu, najua. Mimi nina lafudhi.

Na wewe usiache kazi. Naandika hili kwa wino uleule, usije ukasema Mama kanivunjia riziki. Najua ulivyokaa kwenye ndoo ile. Najua Arusha wanakupeleka uwe mkubwa wa duka jipya kwa sababu una mdomo mzuri wa kuuza, na mdomo huo umetoka Temeke, nakujulisha. Babu yako aliuza uzi miaka yote bila kumdanganya mteja ulikotoka, na waliununua. Hakuwa malaika, bei alipandisha sawasawa. Lakini alisema huu wa China, huu wa India, huu sijui, chagua.

Kwa hiyo nimeamua, na nakuambia mapema ili usiseme nimekuvizia. Jumamosi nitakwenda Msasani. Sitavaa kaniki. Nitavaa baibui langu na viatu vyangu vya harusi ya Mwanaidi, nitakaa kwenye kiti, na Mama Edina atakuwa pembeni yangu, maana ameomba mwenyewe kuja, anasema kama Makete inatajwa basi na mtu wa Makete awepo. Nitasokota. Mgeni akiniuliza, nitasema mimi ni Zuwena binti Salim, baba yangu alikuwa na duka Temeke, nimejifunza Boko, nyuma ya jikoni, baada ya kuharibu vingi. Nitawasimulia sisimizi. Na wewe unajua, na bosi wako hajui, kwamba ile ni stori nzuri kuliko ya kwake. Watacheka. Wataunusa uzi. Labda watanunua, labda hawatanunua.

Bosi wako anaweza kukasirika. Anaweza asichukue tena uzi wangu, na akakupigia simu huko ulipo akuambie unitulize. Nimelifikiria hilo tangu juzi. Sikuombi unitetee mbele yake. Ukitaka mwambie, "Mama yangu ana kichwa kigumu," utakuwa hujamdanganya. Ila sitatulia. Umri nilio nao kutulia nimeshatulia vya kutosha.

Sauti ya lango naisikia, nadhani ni wewe. Nifupishe. Mafungu ya kupeleka Arusha nimeyafunga kwenye lile begi dogo la bluu, nimeyafukiza jana mwenyewe. Yule bibi yenu wa mlimani hamo humo.

Siku ya kwanza utafungua duka. Bosi hatakuwepo, mimi sitakuwepo mlangoni kukuokoa wala kukuaibisha. Ataingia mteja mmoja, pengine hana hata nia ya kununua, atashika fungu, atalinusa, atauliza uzi huu kausokota nani. Utakuwa peke yako na yeye. Utamwangalia kama ulivyoniangalia mimi, huna haraka.

Mwambie, "Ni mama yangu."

Mama yako,
Zuwena binti Salim